Mgombea wa Thornton Heath

Mume wangu aliponiambia anataka kugombea kiti cha wadi yao kule Kwale, nilikuwa mbele ya karai nikikaanga mahamri, na nilidhani anazungumza juu ya mtu mwingine.

"Nani anagombea?" nikamuuliza.

"Mimi."

Nikamwambia asinifanyie mzaha nikiwa na mafuta ya moto. Akavuta kiti, akakaa, akaweka funguo zake mezani. Mume wangu ni dereva wa basi, miaka mingi sasa anaendesha haya mabasi mekundu ya ghorofa ya huku kwetu Thornton Heath, kusini mwa London, na ana tabia ya kukaa wima hata anapokunywa chai. Siku hiyo alikaa wima kupita kawaida. Hapo nikajua jambo limeshaiva zamani na mimi ndiye ninayepakuliwa mwisho.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ami yake, mdogo wa babake, ndiye mkubwa wa ukoo wao siku hizi, na alikuwa akimpigia simu muda wote huo mimi nikiwa kazini. Mwakilishi wao wa sasa kwenye bunge la kaunti amewachosha. Zahanati haina maji, barabara ya shule inageuka mto kila masika, na mheshimiwa anaonekana msibani tu, kwenye kiti cha mbele. Vijiji viwili vikubwa vya wadi hiyo vimekigombania kiti mpaka watu wake hawaamkiani. Wazee wakakaa, wakaona atafutwe mtu asiye na upande. Na nani asiye na upande kama si aliye mbali? Mtu wa London hana kesi ya shamba na yeyote, na bado wanakumbuka alivyokuwa akisomesha watoto madrasa kabla hajasafiri.

"Kwa hivyo wamekuchagua kwa sababu hawakujui," nikasema.

"Wananijua. Mkataa kwao mtumwa, mke wangu."

Methali hiyo ilitoka kwa ami yake, hata sauti niliisikia. Mume wangu akizungumza mwenyewe hatumii methali, husema "twende" na "tumefika".

Mimi methali hazinitishi. Kilichonitisha ni alichosema baada ya hapo, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Alisema atauacha uraia wa Uingereza.

Katiba ya Kenya haimtaki mwenye cheo cha dola awe raia wa nchi mbili, na mwakilishi wa wadi anahesabiwa humo. Lakini sheria inampa mtu nafasi ashinde kwanza, kisha auache uraia wa pili kabla ya kuapishwa. Mtu mwenye haja na akili yake angengoja. Huyu wangu hakutaka kungoja. Wapinzani walikuwa wameshaanza kumwita Mzungu wa kuchovya, nalo jina lilimchoma. Akaapa hatawaomba watu kura akiwa na mguu mmoja nje. Tamko la kuuacha uraia alikuwa ameshalijaza, limebaki kupelekwa tu. Jumapili watu wa kwetu waje nyumbani, isomwe dua, ami awe kwenye simu, na Jumatatu alipeleke.

"Mshika mbili moja humponyoka," akanieleza.

"Na wewe usiache mbachao kwa msala upitao," nikamrudishia. Mahamri yaliyokuwa karaini yaliungua yote, nikayatupa.

Nataka nieleweke. Sikuwa naogopa kuachwa. Mimi ni muuguzi, naogopa vitu ninavyovijua. Mume wangu wamemtia kijibomba kwenye mshipa wa moyo, anameza dawa asubuhi na jioni, na kila baada ya muda anakwenda hospitali kupimwa. Sasa mtu huyo anataka kwenda kukimbizana na kura juani, kwenye wadi ambayo zahanati yake haina hata maji ya kunawa mikono. Na moyo ukimgomea huko, atarudi huku kwa njia gani? Atapanga foleni ya viza kama mtu anayekuja kutalii nyumba yake mwenyewe? Yeye alisema wanaruhusu kuuomba uraia urudishwe, mara moja tu maishani. Nikamwambia kuomba si kupewa, na moyo haungoji majibu ya ofisi.

Binti yetu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Kiswahili anakisikia chote, lakini anajibu kwa Kiingereza, na mara nyingi anajibu akiwa anatazama simu. Siku hiyo aliiweka simu chini. Akamuuliza babake, kwa Kiingereza chake, kama siku ya kumaliza chuo kikuu atakuja kumwona au itategemea ofisa wa viza ameamkaje. Babake akacheka, akamwambia ana ulimi wa mamake. Binti hakucheka. Alipanda juu akafunga mlango, na chakula akakila baridi.

Basi wiki ile ilinikaa kooni. Kwa sababu iko desturi yetu moja watu wa pwani, sijui wengine wanafanyaje. Mtu akiondoka kwa jambo kubwa, hija au safari ya mbali, anapita kwa watu wake mmoja mmoja kutaka radhi. Niwie radhi kwa niliyokukosea na kwa ninayoyaendea. Na wewe unajibu: nimekuwia radhi, nenda salama. Ukishatamka mbele za watu, imekwisha, huwezi kesho kusimama mlangoni ukilia usiende. Jumapili mume wangu angenitaka radhi mbele ya watu waliotoka Tooting na Tottenham, na mimi nitasema nini? Nikikataa, mpaka Kwale itafika habari kwamba mwana wao amezuiwa na mwanamke. Nikikubali, nimemfungulia mlango mwenyewe.

Nikatafuta njia ya tatu. Nilianza kusoma Katiba kwenye simu, ndani ya basi la kwenda kazini, nikiwa nimekaa ghorofa ya juu mbele kabisa. Niliisoma kama mke anavyopekua mifuko ya suruali, sikutaka elimu, nilitaka kukamata kitu. Lazima kuna sharti moja huyu bwana halitimizi, nikajiambia. Mungu nisamehe, niliomba liwepo.

Mgombea awe amesajiliwa kupiga kura. Alijisajili likizo iliyopita, tena alinionyesha kwa fahari. Apendekezwe na chama, au kama anasimama peke yake aungwe mkono na wapiga kura wa wadi wasiopungua mia tano. Ami angewapata hao kabla ya adhuhuri. Asiwe mtumishi wa umma kule. Asiwe amefilisika. Asiwe anatumikia kifungo. Awe na akili timamu. Hapo nilisimama kidogo, nikawaza nani anayethibitisha, nikaendelea. Awe amekuwa raia wa Kenya kwa miaka isiyopungua kumi hadi siku ya uchaguzi.

Nikapitiliza. Mtu kazaliwa Kwale, kapashwa tohara Kwale, meno ya utoto yako huko yamezikwa, miaka kumi ni nini kwake? Nilifika mpaka kwenye vifungu vya kupoteza kiti. Basi lilikuwa limesimama kwenye taa karibu na hospitali ndipo nikakirudia kile kifungu cha miaka kumi.

Mume wangu alikula kiapo cha uraia wa Uingereza zamani, kabla ya Katiba mpya ya Kenya. Na zamani hizo sheria ya kwetu haikuwa na huruma: ukiapa kwingine, ukiwa mtu mzima, Ukenya umekutoka. Kila mtu alijua na kila mtu alijifanya hajui. Watu walificha vitambulisho vyao vya nyumbani kwenye droo ya nguo, wakifika Kenya wanavitoa na kuendelea na maisha. Katiba mpya ilipopita tulikula pilau hapa, tukapigiana simu kwamba sasa ruhusa, mtu unashika zote mbili. Tukadhani ule uraia umerudi wenyewe, kama umeme ukirudi nyumba nzima inawaka. Kumbe kwa waliokuwa wameupoteza, Katiba ilisema waombe ndipo warudishiwe. Yeye hakuomba. Aliomba juzi tu, korona ilipopoa, alipotaka pasipoti ya Kenya na ubalozi ukamwambia aanze na uraia kwanza. Alinung'unika wiki nzima kuhusu urasimu, akaomba, akapewa, tukasahau.

Korona na uchaguzi ujao, hata mtoto wa chekechea anajua baina yake hakuna miaka kumi.

Nilishuka kituo kisicho changu. Nasema kweli, nilifurahi. Nimempata. Halafu nikaogopa kwamba nimekosea, mimi si mwanasheria, najua sindano na presha. Nina mtoto wa kaka yangu, wakili Mombasa. Nikamwandikia yote. Alikuwa harusini, akasema atasoma akitulia. Jumamosi ikapita, mume wangu akiwa zamu na mimi nikiosha vikombe visivyo vichafu. Sikutaka kumwambia jambo kama hilo kwa kubahatisha.

Jibu liliingia Jumapili, viatu vikiwa vimeshajaa mlangoni. Nilikuwa jikoni na sufuria ya mbaazi. Mtoto wa kaka yangu alirekodi sauti, nikaiweka sikioni karibu kabisa.

"Shangazi, umeona sawa. Katiba ilimpa haki ya kuomba, haikumrudishia yenyewe. Tangu alipoapa huko mpaka aliporudishiwa, hakuwa raia. Wako mawakili watakaobisha, lakini mpinzani akilijua hilo, jina la mjomba halitafika hata kwenye karatasi ya kura. Na kama lile tamko hajalipeleka, shangazi, mzuie. Atakosa huko na huku."

Niliisikiliza tena. Kiti asingekipata. Na kesho yake angekuwa ameutoa mwenyewe uraia wa Uingereza, kwa mikono yake, bure.

Hapo hapo akaingia. Alikuwa na kanzu ile aliyoshonewa kwa harusi ya kaka yake, imembana tumboni sasa, na kofia mpya ya viua, iliyodariziwa kwa mkono, aliyotumiwa na ami. Alinukia udi. Akafunga mlango wa jikoni, sauti za wageni zikabaki nyuma yake.

"Mke wangu, nimeona nikuanzie wewe kabla ya watu. Nataka radhi yako."

"Keti," nikamwambia.

"Watu wananingoja. Ami yuko hewani."

"Keti, nimesema. Uraia wako wa Kenya ulirudishiwa lini?"

Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya vitunguu wakati wa swala. Akanitajia mwaka. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nilianzia katikati, nikarudi kwenye kiapo, nikaruka kwenye miaka kumi, mpaka nikaona bora nimwekee sauti ya mtoto wa kaka yangu aisikie mwenyewe. Akaisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye mlango wa friji.

Kwanza alibisha. Mume wangu akibisha hapandishi sauti, anazidi kunyooka tu.

"Nilirudishiwa, sikupewa," akasema. "Kitu ukirudishiwa kilikuwa chako tangu mwanzo. Baiskeli yangu ikiibwa, polisi wakinirudishia, zile siku iliyokuwa kwa mwizi haikuwa yangu?"

"Haikuibwa. Uliitoa."

"Sikujua kama naitoa."

"Najua hukujua. Sisi sote hatukujua. Lakini sheria haiulizi hilo."

"Mimi ni mtoto wa Kwale."

"Hakuna aliyekataa. Wanasema hukuwa raia, basi."

"Basi?" akasema, na hapo ndipo akakaa.

Nilisubiri ahuzunike kwa ajili ya kiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, kazini nimefundishwa namna ya kukaa na mtu aliyepewa habari mbaya, unamwachia kimya, humjazii maneno. Lakini hakutaja kiti. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, mimi niliyeisoma Katiba wiki nzima.

"Mama alipokufa," akasema, "ilikuwa kabla ya korona."

"Ndiyo."

"Tulishuka uwanja wa ndege wa Mombasa. Wewe ukaenda foleni ya wenyeji, una pasipoti yako. Mimi nikapanga na watalii."

Nilikumbuka. Mimi kiapo changu nilikula baada ya Katiba mpya, sikupoteza chochote. Siku ile nilivuka mapema nikamngoja upande wa pili, yeye akiwa nyuma ya familia ya Wajerumani waliovaa kofia za jua, analipia viza aende kumzika mamake. Aliniambia ni kwa sababu pasipoti yake ya Kenya iliisha muda, atakuja aifanye upya akipata nafasi.

"Nilidhani ni karatasi tu," akasema. "Kumbe kweli. Nimemzika mama nikiwa mtalii."

"Usiseme hivyo."

"Si ndivyo wanavyosema? Muhuri si ninao?"

Nilikuwa nimeomba lipatikane sharti la kumzuia, likapatikana, na sasa limekaa mbele yangu na kanzu iliyombana, machozi yanamtoka bila sauti, na mimi nimeshika mwiko. Nilijichukia. Nilimpenda pia, kupita nilivyompenda kwa miaka mingi. Nikamwambia, "Tamko usilipeleke." Akatikisa kichwa kukubali kama mtoto anayekubali kunawa uso.

Akasimama, akavaa kofia yake sawasawa, akatoka. Nilimfuata na sinia la mahamri kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Sebuleni watu walijisogeza wakamfanyia nafasi zuliani. Simu ilikuwa katikati, juu ya mto, sauti imefunguliwa. Tulisikia kikohozi cha ami na wazee wengine pamoja naye, na mtu akifukuza kuku.

"Ami," mume wangu akasema, "niwie radhi."

"Nimekuwia, mwanangu, nenda na salama ya Mungu..."

"Ngoja, ami. Siendi."

Akawaeleza. Aliwaeleza vizuri kuliko mimi, kwa mpangilio, kama anavyowatangazia abiria kwamba basi limebadilishiwa njia. Kiapo cha zamani, kuomba juzi, miaka kumi haijatimia, jina halitapita. Mzee mmoja kule akasema wapinzani ndio waliotunga hayo. Mume wangu akasema hapana, ni Katiba, mke wangu ndiye aliyeiona. Macho yote ya sebuleni yakaniangukia. Niliyapokea, nilikuwa nimeshajua yatakuja.

"Lakini radhi siitaki kwa sababu ya kiti," akasema. "Tulipomzika mama sikuwa raia wa pale. Niliingia kwa muhuri wa watalii. Nilikuwa sijui, ami. Hilo ndilo nataka unisamehe."

Binti yetu alikuwa ameshuka nusu ya ngazi, ameshika reli, anasikiliza.

"Siku ile," ami akasema taratibu, "kaburini alishuka nani?"

"Mimi na kaka yangu."

"Upande wa kichwa alimpokea nani?"

"Mimi."

"Nani alimfungua kamba za sanda, akamlaza shavu kwenye mchanga?"

Mume wangu alifunika uso kwa kiganja. Akajibu binti yetu, pale kwenye ngazi, kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu ili babu yake wa mbali asikie.

"Ni baba."

"Basi," ami akasema. "Sisi hatumshushi kaburini mtu asiye wetu. Hao wa karatasi waambie wakushinde kwa kiti, kwa hilo hawakuwezi. Haya, watu wa London, mikono juu, tumsomee marehemu."

Watu wakainua mikono. Dua tuliyokuwa tumeiandalia siasa ikasomwa kwa ajili ya mamake, mpaka mwisho, na mume wangu akaitikia amina kila palipopasa. Nilikuwa nimepata nilichokiomba wiki nzima. Niliketi pale zuliani pembeni ya mume wangu, sinia bado mapajani, na nikalia mbele ya watu wote.